Maswali na Majibu ya Historia: Je, Askari Weusi wa Marekani "Hawakujitokeza" Baada ya 1945?

Swali: Ninafundisha Historia kidato cha sita. Wanafunzi wangu wameniletea muhtasari wanaotumiana kwenye simu, unaosema kwamba sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ilitoa nafasi sawa kwa wote kwa sababu haikutaja rangi ya mtu, na kwamba Wamarekani weusi walibaki nyuma kwa kuwa hawakujitokeza kuitumia. Nimeisoma sheria yenyewe na sikukuta neno lolote la ubaguzi. Je, muhtasari huo ni sahihi? Na kama palikuwa na tatizo, je, amri ya Rais Truman ya mwaka 1948 haikulimaliza?
— Mwalimu, Morogoro

Jibu: Mwalimu, umefanya jambo ambalo waandishi wa muhtasari huo hawakulifanya, nalo ni kuisoma sheria yenyewe, kwa hiyo sitakurudisha kwenye yale unayoyajua tayari kuhusu GI Bill, yaani sheria hiyo ya mwaka 1944, na ahadi zake za karo ya chuo, posho ya wasio na kazi na dhamana ya mikopo. Nitaanza na sentensi inayonikera kuliko zote, ambayo ninaikuta katika insha za wanafunzi wa chuo mwaka baada ya mwaka: kwamba askari weusi "hawakujitokeza". Hilo si kosa dogo la tarehe au la jina la mtu. Ni shutuma dhidi ya zaidi ya watu milioni moja waliovaa sare ya nchi yao, na takwimu za serikali ya Marekani yenyewe zinaikanusha. Kufikia mwaka 1950, asilimia 49 ya askari wa zamani wasio weupe walikuwa wamekwisha kutumia mafao ya elimu na mafunzo, wakati kwa weupe ilikuwa asilimia 43. Kwa uwiano wa idadi yao, waliojitokeza zaidi ni wale wale wanaosemwa kwamba walikaa nyumbani.

Swali la kuuliza, basi, ni nini kiliwapata baada ya kufika mlangoni. Katika majimbo ya Kusini vyuo vya weupe vilifungwa kwao kwa sheria za majimbo hayo, hivyo wote walisongamana katika vyuo vichache vya weusi ambavyo vilikuwa vidogo, vilikuwa na fedha kidogo na havikuwa na mabweni ya kutosha. Maelfu walirudishwa kwa kukosa nafasi, huku mkononi wana haki ya kulipiwa karo ya hadi dola 500 kwa mwaka. Wengi wakaishia katika mafunzo ya ufundi, na baadhi ya shule hizo za ufundi zilianzishwa haraka haraka ili kuvuna fedha za serikali, zikawaacha wanafunzi, weusi kwa weupe, bila ujuzi wowote wa maana. Ndiyo maana mtu anayehesabu waliojiandikisha tu, bila kuuliza walijiandikisha wapi na walitoka na nini, anaweza kupotoka hata kwa kutumia takwimu sahihi.

Sasa nije kwenye sheria uliyoisoma. Hukukuta neno la ubaguzi kwa sababu halikuhitajika. Mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoushughulikia muswada alikuwa John Rankin wa Mississippi, mtetezi wa wazi wa utengano wa rangi, ambaye aliipinga posho ya wasio na kazi ya dola 20 kwa wiki, iliyoweza kulipwa hadi wiki 52, kwa hofu kwamba weusi wa jimbo lake wangeacha kuukubali ujira mdogo wa mashambani. Upinzani wake uliukwamisha muswada katika kamati ya pamoja ya mabunge mawili, hadi mbunge wa Georgia, John Gibson, aliyekuwa mgonjwa nyumbani kwake, alipopelekwa Washington kwa haraka mwezi Juni 1944 kuupigia kura ya kuunasua. Rankin alishindwa katika hilo, lakini yeye na wenzake wa Kusini walikuwa wamekwisha kulipata jambo kubwa zaidi: utekelezaji wa sheria uliachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa ofisi za majimbo, vyuo, waajiri na mabenki ya mahali. Serikali kuu ililipa, na watu wa mahali wakaamua nani alipwe.

Chukua mkopo wa nyumba, ambao ndio ulioleta tofauti iliyodumu kuliko zote. Vijitabu vingi huandika kwamba serikali "iliwapa askari mikopo". Haikuwapa. Ilitoa dhamana ya nusu ya mkopo, mwanzoni isiyozidi dola 2,000 na kisha, kwa marekebisho ya mwishoni mwa mwaka 1945, dola 4,000. Fedha zenyewe zilitoka benki binafsi, na benki ilikuwa huru kukataa. Askari mweusi angeweza kuwa na cheti halali cha Idara ya Askari wa Zamani, akaingia benki ya mji wake, akaambiwa hapana, na sheria isiwe imevunjwa popote. Uchunguzi uliofanywa katika miji 13 ya Mississippi ulikuta kwamba, kati ya mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyopata dhamana hiyo mwaka 1947, miwili tu ilikwenda kwa askari weusi. Katika jimbo ambalo karibu nusu ya wakazi wake walikuwa weusi, takwimu hiyo haielezeki kwa uvivu wa waombaji.

Wala asikudanganye mtu kwamba hayo yalikuwa mambo ya Kusini peke yake. Mamlaka ya Nyumba ya serikali kuu, iliyoundwa mwaka 1934 na kudhamini mikopo ya nyumba, iliwaelekeza wakadiriaji wake kuutazama mtaa wenye mchanganyiko wa rangi kuwa hatari kwa mkopo, na ilipendelea viwanja ambavyo hati zake ziliwakataza weusi kununua au kuishi humo. Huko Levittown, karibu na jiji la New York, kampuni ya William Levitt ilijenga zaidi ya nyumba 17,000 kuanzia mwaka 1947, ikiwalenga askari waliorudi, na mikataba yake ya awali iliwakataza wapangaji kumruhusu mtu yeyote asiye mweupe kuishi ndani, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza masharti ya namna hiyo. Maneno yakaondolewa kwenye mikataba, lakini kampuni iliendelea kuwakatalia weusi. Nyumba iliyouzwa kwa dola 7,990 mwaka 1949 ilipanda thamani, ikawa rehani ya kusomeshea watoto na urithi wa wajukuu, na hapo ndipo unapoiona sheria ya miaka 12 ikiendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya kufikia mwisho wake mwaka 1956.

Kuna kizuizi kingine ambacho sijakiona hata mara moja katika mihtasari inayouzwa, nacho kilikuja kabla ya benki na kabla ya chuo. Jeshi lilikuwa na cheti cha kuachishwa kilichochapwa kwenye karatasi ya buluu, kisichosema kwamba askari ameondoka kwa heshima wala kwa fedheha, na kamanda aliweza kukitoa bila askari kufikishwa mahakama ya kijeshi. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 vilitolewa vyeti hivyo 48,603, na 10,806 kati ya hivyo, yaani zaidi ya asilimia 22, walipewa weusi, ilhali hawakufika hata asilimia 10 ya jeshi. Wengine waliopewa kwa wingi ni askari walioshukiwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja. Sheria ilimnyima mafao yule tu aliyefukuzwa kwa fedheha. Hata hivyo Idara ya Askari wa Zamani ikaihesabu karatasi ya buluu kuwa ni fedheha, na waajiri nao wakaijua rangi yake. Magazeti ya weusi yaliipigia kelele, hasa Pittsburgh Courier, na mwaka 1947 karatasi hiyo ikafutwa, lakini aliyekwisha kuipewa alibaki nayo.

Kuhusu ajira nitakuwa mfupi. Hadi Oktoba 1946, ofisi ya kazi huko Mississippi ilikuwa imewapatia askari wa zamani wapatao 6,500 kazi zisizo za mashambani. Asilimia 86 ya kazi za ujuzi na nusu ujuzi zilikwenda kwa weupe, na asilimia 92 ya kazi zisizo na ujuzi zikaenda kwa weusi. Fundi wa magari wa jeshi alipelekwa kufagia.

Swali lako la pili nalo limejengwa juu ya dhana ile ile, kwamba tamko likishatolewa basi jambo limekwisha. Amri ya Truman ya tarehe 26 Julai 1948 ilihusu kuondoa ubaguzi wa rangi majeshini tu. Haikugusa benki, wala hati ya kiwanja, wala mlango wa chuo kikuu cha Georgia. Hata jeshini haikutekelezeka kwa siku moja: makamanda walisitasita, vita vya Korea vikawalazimisha kuchanganya vikosi kwa uhaba wa watu, na vikosi vya mwisho vya rangi moja vilivunjwa mwaka 1954. Isitoshe, amri hiyo haikuwa zawadi ya moyo mwema wa rais. Mwezi Februari 1946 sajini Isaac Woodard, akiwa amevaa sare na ameachishwa jeshi saa chache tu zilizotangulia, alipigwa na polisi huko Batesburg, South Carolina, hadi akapofuka macho yote mawili, na baraza la wazee wa mahakama la weupe watupu likamwachia huru mkuu wa polisi aliyempiga. Kisa hicho kilimshtua Truman, akaunda kamati ya haki za raia. Mwaka 1948 A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa treni, akamwambia kwamba vijana weusi wangekataa kuandikishwa katika jeshi la kibaguzi, tena katika mwaka wa uchaguzi. Anayeandika kwamba "vita vilileta usawa" amewafuta watu hao wote kwa maneno matatu.

Nao wapo wanaokosea upande wa pili, wanaosambaza video za dakika chache wakidai kwamba GI Bill ilikuwa ulaghai mtupu na kwamba hakuna mtu mweusi aliyeambulia chochote. Hao pia siwavumilii. Medgar Evers, askari mweusi wa zamani ambaye mwaka 1946 alifukuzwa na weupe wenye silaha alipokwenda kupiga kura mjini kwao Decatur, Mississippi, alisoma chuo cha Alcorn kwa fedha za sheria hiyo hiyo, na wengi kama yeye walitoka vyuoni wakaenda kuongoza mapambano ya haki za raia ya miaka ya 1950. Wanaosimulia ubaguzi wa zama hizo kana kwamba uliwahusu weusi na weupe pekee nao wanamsahau daktari Héctor P. García, ambaye mwaka 1948 aliunda chama cha askari wenye asili ya Mexico huko Corpus Christi, Texas, kwa sababu nao walikuwa wakicheleweshewa na kunyimwa mafao yaliyoandikwa kuwa ni haki yao.

Ninayaandika haya kwa kirefu kwa sababu tatizo haliishii kwenye sheria hii moja. Biashara ya mihtasari imewazoesha vijana wetu kuisoma sheria kama mtu anayesoma tangazo: kilichoahidiwa kinahesabiwa kuwa kimetolewa, na asiyekipata anahesabiwa kuwa mzembe. Ukiwaachia njia hiyo wataipeleka kila mahali. Wataisoma sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, ambayo nayo haitaji rangi, na hawatatambua kwamba iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, yaani kazi walizofanya weusi wengi wa Kusini, hadi marekebisho ya mwaka 1950 na 1954 yalipoanza kuwaingiza. Wataisoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 17 Mei 1954 dhidi ya utengano mashuleni, waandike kwamba tangu siku hiyo watoto walisoma pamoja, ilhali katika wilaya nyingi za Kusini hawakuwa wakisoma pamoja hata miaka kumi baadaye. Wanaouza mihtasari hiyo hawana haja ya kujua mambo haya, kwa kuwa wanalipwa kwa ufupi wa karatasi.

Insha zitakapokujia mezani, ushauri wangu ni usitoe alama yoyote kwa sentensi ya "hawakujitokeza", hata kama imeandikwa kwa lugha safi na imezungukwa na tarehe sahihi. Mpe alama za juu mwanafunzi atakayeeleza kwamba ili kupata nyumba mwaka 1947 askari alihitaji cheti cha kamanda, uthibitisho wa Idara, ridhaa ya meneja wa benki na muuzaji aliye tayari kumuuzia, kisha akaonyesha ni lipi kati ya hayo manne ambalo serikali ya Washington ililisimamia yenyewe na ni lipi ililolifumbia macho.