Wimbi la mtoni halipiti

Kijana aliyekulia Sahare au Deep Sea, pwani ya Tanga, anajua kulisubiri wimbi. Anainua kafi, chombo kinapanda, kinashuka, wimbi linakwenda zake ufukweni. Mpeleke kwenye maji meupe, yaani mkondo mkali wenye mapovu, ya Nile kule Jinja, Uganda, na tabia hiyo hiyo ndiyo itakayompindua. Wimbi la mtoni limesimama palepale penye mwamba, yanayopita ni maji. Anayeinua kafi kusubiri, boti lake la mpira hupoteza kasi na kunaswa na maji yanayojirudia. Makocha wa Tanga mnaotaka kuwapeleka vijana huko kwenye mashindano ya boti za mpira (rafting), anzeni na kichwa, yaani akili.

Usimwambie "usiogope". Hapo unamfundisha kuificha hofu, nayo itatokea mikononi: atakaba kafi, atabana pumzi, hatamsikia nahodha. Mpe kazi. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mara tano, akiwa tayari ameketi ukingoni mwa boti. Afanye kila siku, hata bahari ikiwa shwari, maana jambo asilolizoea halitamjia siku ya mashindano.

Kisha timu ikae mkekani kwa mpangilio wa botini, wanne au sita, macho wamefumba, wakiipita njia nzima akilini, nahodha akiita: mbele, nyuma, acha. Pima kwa saa. Kipande cha dakika moja majini kikiisha akilini kwa sekunde 35, kuna mahali wameparuka, na mara nyingi ndipo wanapopaogopa. Rudieni hapo tu, tena pamoja na kosa: mmoja ameanguka, nani anamvuta, nani anaendelea kupiga kafi? Timu iliyozoea kuwaza ushindi peke yake huzubaa kosa la kwanza likitokea. Kwenye slalomu, yaani mbio za kupita kati ya malango ya nguzo, kugusa lango ni adhabu ya sekunde 5, kulikosa ni 50. Anayezililia zile 5 ndiye anayelikosa lango linalofuata.

Wapo wanaoamini ukali hujenga ujasiri. Mimi naona hujenga utii wa nchi kavu. Kijana anahitaji kujiona anaweza, na hilo halipatikani kwa maneno. Ufukweni Raskazone, maji yakijaa, avae boya na kofia ngumu, ajirushe mwenyewe, alale chali, miguu mbele. Asitafute chini kwa mguu. Baharini ni kawaida kuukanyaga mchanga, lakini mtoni mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humlaza mtu kifudifudi. Arudie mpaka mwili uache kutaka kusimama. Na msiende kujaribia Mto Pangani, una mamba.

Anahitaji pia kuwa na sauti, na hapa ndipo timu zetu zinapokwama kwa sababu ya adabu. Mkitoka majini, wa kwanza kusema awe aliyeanguka, kisha mdogo kuliko wote, nahodha awe wa mwisho. Nahodha akianza, wadogo wataitikia "ndiyo, kaka", na aliyeona mwamba mapema atanyamaza nao.