Unaomba shule ya meno na una kazi, ndoa na watoto? Anzia mezani kwenu, mtihani wa DAT baadaye

Watu wakijua nasomea udaktari wa meno hapa Texas swali la kwanza ni DAT tu, ule mtihani wa kuombea shule ya meno, nilisoma kitabu gani, nilipata ngapi, na mimi kila siku nawaambia jamani mtihani unasomeka, kazi ipo kwenye nani atamchukua mtoto shule saa tisa wakati baba watoto yuko na lori huko New Mexico na wewe una maabara ya kemia mpaka saa moja usiku. Ukishalijibu hilo, mengine yote yana njia.

Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno, kliniki moja ya kusini magharibi mwa Houston, watoto wawili, mume dereva wa masafa. Sasa hivi niko mwaka wa kwanza. Wadada wengi wananifuata inboksi kwahiyo nimeona bora niandike mara moja.

Kitu cha kwanza kaa na mwenzio mzungumzie orodha ya shule kabla hujafungua fomu yoyote. Usimpelekee taarifa, mpelekee mjadala. Texas tuna bahati maana shule za meno za serikali ziko nne, Houston, San Antonio, Dallas na El Paso, na sheria ya jimbo inataka angalau asilimia 90 ya nafasi ziende kwa wakazi wa Texas, na ada ya mkazi ni nafuu sana ukilinganisha na shule binafsi za majimbo mengine ambazo zingine ada peke yake inapita dola 90,000 kwa mwaka. Sasa El Paso kutoka Houston ni safari ya siku nzima kwa gari. Je mnahama wote? Unaenda peke yako na watoto wabaki na nani? Sisi tulikaa na kalamu tukaandika kila mji, kodi ya nyumba, deikea, kampuni ya mume ina yadi huko au haina, kuna ndugu au hamna mtu kabisa. Mji mmoja tuliukata usiku huohuo na sikuumia, kwa sababu shule ambayo familia haiwezi kuishi hata ukikubaliwa hujapata kitu, umetupa tu hela ya safari za usaili.

Halafu kalenda. Fomu ya kuombea shule hizi za Texas inaitwa TMDSAS, inafunguliwa Mei, majibu yanaanza kutoka Desemba na darasa linaanza katikati ya mwaka unaofuata. Yaani toka unabonyeza kutuma mpaka unakaa darasani ni zaidi ya mwaka, na hapo hujahesabu muda wa masomo ya msingi. Kama mna mpango wa kuongeza mtoto, kama mama anakuja kuwatembelea kutoka nyumbani, kama mume anataka kubadilisha kampuni, vyote vinaingia kwenye kalenda hiyohiyo. Na tuma mapema, mwezi Juni uwe umemaliza, maana shule zinaita watu kwenye usaili kadiri fomu zinavyoingia na ukituma Oktoba unagombania viti vilivyobaki. Mimi naona ni bora usubiri mwaka mzima utume Mei ukiwa kamili kuliko kukimbizana na mwisho wa dirisha huku mtoto ana homa.

Masomo uliyosoma Tanzania au Kenya usiyategemee sana, hayaingizwi kwenye GPA ya fomu, yaani wastani wa alama zako, na masomo ya msingi wanataka uyasome hapa, baolojia, kemia, kemia ya oganiki, fizikia, baiokemia. Mengi ya mwanzo unaweza kusoma chuo cha jamii jioni, ada yake inabebeka, ila ya juu nenda chuo kikuu. Na ukisoma darasa la jioni mwalimu hakujui, anakuja anafundisha anaondoka, wewe unawahi parking, kwahiyo jilazimishe kwenda ofisini kwake hata kama huna swali kubwa, maana barua ya mwalimu wa sayansi utaihitaji na barua ya mtu asiyekujua inasomeka vilevile, kavu.

Kazi sasa. Kubeba boksi usiku kwenye nyumba za wazee kunalipa, ukipiga ovataimu unaweza kumzidi msaidizi wa meno, huo ndio ukweli, na kuna kipindi bajeti ilibana mume akaniuliza kwanini nisirudi huko. Jibu langu lilikuwa kliniki inanilipa mara mbili, hela kidogo na masaa ya kumwona daktari akifanya kazi, na pia haifunguliwi usiku kwahiyo wanangu walikuwa wananiona wakilala. Ila masaa ya kliniki unayofanyia kazi peke yake hayatoshi, tafuta na madaktari wengine, wa watoto, wa upasuaji, hata jumamosi moja moja, shule zione umechungulia pembe zote.

DAT yenyewe ni masaa matano na dakika 15 ukichanganya na mapumziko, na tangu Machi 2025 alama zinatolewa kwa mizani ya 200 mpaka 600, kwahiyo mtu akikwambia alipata 21 jua alifanya zamani, msilinganishe. Sehemu inayowatesa watu ni ile ya maumbo, unaonyeshwa karatasi imekunjwa ikatobolewa halafu ukifunua matobo yatakuwa wapi. Mimi nilikuwa nachukua vile vitambaa vya karatasi tunavyowafunga wagonjwa shingoni, nakunja mara mbili, natoboa na kalamu, nakisia, nafunua, chakula cha mchana kinapoa pembeni. Ndani ya wiki chache mkono ukaanza kujua kabla ya kichwa. Kusoma kwa kukaa nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, maana usiku ukishatoka kazini ukapika na ukakagua homuweki unafungua kitabu unasoma mstari mmoja mara nne. Sijui wenzangu mnaokesha mnawezaje.

Kuhusu insha ya kwenye fomu, mna herufi 5,000 tu pamoja na nafasi, msizimalize kwa kusema mnapenda kusaidia watu, kila mtu anapenda. Na umama usiuandike kama unaomba huruma. Mimi niliandika habari ya bibi mmoja Mkongo aliyekuja na jipu la jino, shavu limevimba mpaka jicho limefunga, ameleta mjukuu wa miaka kama tisa amtafsirie na mtoto mwenyewe hajui gego kwa Kiswahili ni nini, nikavuta kiti nikakaa naye. Basi, hiyo tu.

Hela lazima niseme. Mkopo wa serikali kwa kawaida unahitaji uwe raia au una grinikadi, na kuanzia Julai 1, 2026 ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo lote la gharama umefungwa kwa wakopaji wapya, kiwango cha juu cha kukopa kwa fani kama yetu kimekuwa dola 50,000 kwa mwaka na jumla 200,000. Kwahiyo shule ya bei mbaya sasa hivi unaweza kukubaliwa ukashindwa kuilipia, na kufanya kazi huku unasoma sahau, ratiba ni asubuhi mpaka jioni kisha unarudi kuchonga meno ya plastiki. Nyumba itaishi kwa mshahara mmoja miaka minne. Jaribuni miezi kadhaa kabla, ishini kwa mshahara wa mmoja, wa mwingine wekeni pembeni, mtaona wapi panavuja. Kwetu palikuwa panavuja kwenye michango, leo harusi ya Dallas, kesho msiba wa Minnesota, keshokutwa kitchen party na sare juu. Tukakubaliana misiba tunachanga, sherehe tunatuma salamu. Watu walisema naringa, na hela ya mama kule Moshi haikuguswa.

Mwisho usaili. Na wewe una haki ya kuuliza, kwahiyo waombe uongee na wanafunzi wenye watoto, uwaulize wanaishi wapi na mtoto akiugua siku ya mtihani inakuwaje. Majibu yanatofautiana sana. Shule moja mwanafunzi alinipa namba yake tukachati mpaka usiku, ya nyingine nikajibiwa "sijui, darasani kwetu nadhani hakuna mzazi", nikaishusha chini kwenye orodha yangu siku hiyohiyo, na baba watoto wala hakuuliza kwanini.