Maswali ya Wasomaji: Je, ukoo wa Morgan ulikuwa wa maseremala?

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba magari ya michezo ya Morgan, ya Uingereza, hadi leo huundwa kwa fremu ya mbao. Je, ukoo huo ulianza kama wa maseremala? – Msomaji, Tanga.

JIBU: La, ndugu msomaji, ukoo huo ulikuwa wa makasisi. Henry Frederick Stanley Morgan, mwanzilishi wa kampuni ya magari hayo, aliyezaliwa mwaka 1881, alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana wa Stoke Lacy, kijiji cha Herefordshire. Baba huyo hakumlazimisha mwanawe kurithi kanzu ya ukasisi, bali alimpeleka Swindon kuwa mwanagenzi katika karakana za reli; na kijana alipokwisha kufungua gereji yake huko Malvern, akataka kuunda gari lake mwenyewe, fedha za kununulia mitambo zilitoka kwa mzee huyo huyo. Kampuni iliposajiliwa rasmi mwaka 1912, mwenyekiti wake alikuwa kasisi.

Gari la kwanza, la mwaka 1909, liliundwa kwa msaada wa mwalimu wa ufundi wa Malvern College, katika karakana ya shule hiyo. Lilikuwa na magurudumu matatu, lakini asiyejua ila bajaji asidanganyike, kwani mawili yalikuwa mbele na moja nyuma. Dereva alikaa peke yake, akiliongoza kwa mkono mfano wa kana ya mashua, na mabomba ya chini yaliyounda sehemu ya fremu yenyewe ndiyo yaliyotoa moshi wa injini, jambo ambalo kwa maoni yangu laonyesha ubahili wa fundi hodari.

Kuhusu mbao, katika enzi hizo karibu kila mwunda bodi za magari alizitumia. Wengine wakaziacha, Morgan hawakuziacha. Mbao hizo, za mti wa eshi (kwa Kiingereza, ash), hubeba bodi tu, nazo huketi juu ya chasisi ya metali, yaani fremu ya chini ya gari.

Mwanzilishi alifariki mwaka 1959, akamwachia kampuni mwanawe Peter, ambaye naye alifuatwa na mwanawe Charles. Charles aliondolewa katika uongozi mwaka 2013, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya hisa ikauzwa kwa wawekezaji wa Kiitalia. Kiwanda chenyewe kimebaki Malvern, katika barabara ya Pickersleigh.