Bomba la kijijini kwetu liko Bahari ya Atlantiki

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana anayemaliza mwaka wa tatu wa kompyuta. "Dada shikamoo. Nataka kusoma masta ya teknolojia ya kidijitali na maendeleo endelevu kama wewe. Nichague chuo gani, na nijifunze lugha gani ya programu kwanza?" Nikaitikia marahaba, nikaanza kumjibu kwa kifupi. Dakika arobaini baadaye bado naandika, uji wa mtoto umeshaganda jikoni. Nikaona heri jibu nililete hapa, maana si wa kwanza kuniuliza, na najua wengi mnaonisoma mnaota ndoto hiyohiyo.

Nitamjibu kwa mambo ambayo kwenye tasnifu yangu hayamo.

Nilisoma Ulaya kwa ufadhili, miaka miwili. Habari za viza, baridi na kulala mchana nazipita, mmeshazisoma kwa wengine. Muhula wa kwanza tulianza na ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway, ile inayosema maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi ya kwao. Nikaikariri kama sala. Bibi yangu Bariadi hakusoma darasa hata moja, lakini alikuwa akitugombeza tukichota kisima mpaka tope. Sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Kilichoniteka ni data. Kuna mashindano ya mtandaoni ya DrivenData yanayotumia takwimu za vituo vya maji vya Tanzania, zilizotokana na Wizara ya Maji kupitia jukwaa la Taarifa. Mstari mmoja ni kituo kimoja cha maji, na unapewa mistari 59,400 ya kujifunzia. Kazi yako ni kuifundisha kompyuta ikisie: bomba hili linatoa maji, linatoa lakini linahitaji matengenezo, au limekufa? Katika hiyo mistari, asilimia 54 hivi yanafanya kazi, 7 yanahitaji matengenezo, na 38 hayatoi kitu.

Fikiria niko peke yangu kwenye chumba cha hosteli, nje theluji, na mbele yangu kuna safu ya majina ya vituo: Shuleni. Zahanati. Msikitini. Kanisani. Sokoni. Wenzangu darasani walikuwa wanayageuza hayo kuwa namba wakaendelea na kazi zao. Mimi nilikuwa nasikia harufu ya vumbi la saa kumi jioni na milio ya madumu yakigongana. Nililia kidogo, nakiri. Kisha nikafanya kazi kama mwehu kwa wiki tatu, nikafikisha asilimia 81 na ushei ya makisio sahihi. Kwenye mashindano yale wengi wakifika 82 wanagota, kwa hiyo msinione nimeshindwa. Profesa alinipongeza mbele ya darasa zima. Nilimpigia mama usiku uleule nikamwambia, "Mama, naweza kujua bomba gani bovu bila kutoka chumbani." Mama akauliza, "Na nani atalitengeneza?" Nilicheka. Nikamwona hajaelewa.

Sasa sikia hili. Katika data ile kuna vituo 1,812 ambavyo longitudo yake imeandikwa sifuri na latitudo yake ni kama sifuri. Ukiviweka kwenye ramani, vyote vinaangukia mahali pamoja kwenye Bahari ya Atlantiki, kusini mwa Ghana. Ni vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, ikiwamo Bariadi yetu kabla haijaingia mkoa wa Simiyu. Wasukuma tumechimba visima baharini! Mimi nilifanya kama walivyofanya wengine: nikaweka wastani wa eneo, nikaziba pengo, nikasonga mbele. Vituo zaidi ya 20,000 navyo mwaka wa ujenzi umeandikwa sifuri. Nikaziba. Asilimia yangu ikapanda, nami nikapanda nayo.

Kwa mradi wa tasnifu nikaja nyumbani na vihisi vitano. Ni vijidude vya ukubwa wa sabuni ya kipande. Unakifunga kwenye mpini wa pampu ya mkono, kinahesabu mtikisiko, kinatuma taarifa kwa laini ya simu. Mpini ukikaa kimya siku mbili, kompyuta yangu inajua bomba limekufa. Niliongea na mwenyekiti wa kijiji, nikasaini kitabu cha wageni, nikafunga. Vijana walinipiga picha nyingi sana. Ile mnayoiona hapo juu kwenye wasifu wangu ni ya siku hiyo.

Siku ya nne, vihisi viwili vikaonyesha kimya. Ya sita, vyote vitano. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani mabomba yamekufa na mfumo umeyagundua.

Mabomba yalikuwa mazima. Ilikuwa imeenea habari kwamba binti wa Ulaya amefunga mita, kila mkono wa maji unahesabiwa, na mwisho wa mwezi bili itapita nyumba kwa nyumba. Akina mama wakaacha pampu, wakarudi kuchota lamboni, wanakokunywa na ng'ombe. Ilichukua karibu wiki mbili na mikutano miwili kuwatuliza. Katika hizo wiki mbili mtoto wa shangazi yangu aliharisha mpaka akatundikiwa dripu. Daktari hakusema ni lambo. Hakuna aliyenilaumu. Lakini kila nikisikia mtu anasema "teknolojia haina madhara, inategemea matumizi", namkumbuka yule mtoto na yale macho yake yaliyozama.

Kwenye tasnifu niliandika: "changamoto za mapokeo ya jamii". Maneno matano. Nikapata alama nzuri.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayesimamia pampu ya karibu na shule, yumo katika jumuiya ya watumia maji ya kijiji. Alikuja jioni nilipokuwa nafungua vihisi vyangu kwa aibu, akachuchumaa, akasema, "Mwanangu, ulikuwa unataka kujua nini hasa?" Nikamweleza: nataka kujua bomba likifa lini. Akaniangalia kwa muda. Akaenda kwake, akarudi na kaunta buku lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa kulala, kila siku pampu ilipougua tangu alipokabidhiwa: tarehe, ugonjwa, nani aliitwa, alikuja baada ya siku ngapi, shilingi ngapi zilichangwa, na nani hajatoa. Akanifungulia kiganja. Kilikuwa na washa, ile pete ya mpira ya ndani ya pampu, nyeusi, imelika upande mmoja kama ukwaju ulioumwa. "Huyu ndiye anayeua bomba," akasema. "Kufa kwake tunakujua hata kabla hajafa, mpini unakuwa mwepesi. Ila mpya inauzwa mjini, na fundi hajui kama tunamhitaji mpaka mtu apande basi."

Nilihesabu kwenye daftari lake. Bomba lilikuwa likikaa bila kazi kwa wastani wa siku kumi na tisa kila likiharibika. Kati ya hizo, siku ya kulitengeneza ilikuwa moja. Zilizobaki ni za kutafuta habari, hela na washa.

Nilikuwa nimesafiri na mashine ya kugundua jambo ambalo kila mtu kijijini alikuwa analijua asubuhi ileile.

Ndipo nikamwelewa mama.

Basi tulichofanya ni kidogo mno, na ndicho kinachofanya kazi mpaka leo. Wasimamizi wa pampu wanatuma meseji ya kawaida, simu ya kitochi inatosha: 1 ni nzima, 2 mpini umelegea, 3 imekufa, halafu neno moja la ugonjwa. Ujumbe unakwenda kwa fundi na kwa mweka hazina wa jumuiya kwa wakati mmoja. Kwa duka moja la vipuri mjini tulikubaliana washa zikae za akiba, malipo kwa simu. Katika pampu tisa tulizoanza nazo, siku kumi na tisa zimeshuka mpaka nne. Nne! Siri ni ile namba 2. Inamtoa fundi kabla ya msiba.

Na hili nalo linaniuma, acha niliseme. Nilipeleka kazi hii kwenye shindano moja la ubunifu Dar es Salaam. Jaji mmoja alinisikiliza dakika tatu, akatabasamu, akasema kwenye maikrofoni, "Dada, hii siyo teknolojia, hii ni meseji." Ukumbi ukacheka. Hela zikaenda kwa programu ya simu janja yenye ramani inayozunguka, na sasa hata ukiitafuta dukani mtandaoni huioni. Sina kinyongo. Nina kidogo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ni huu: anza na bomba. Kabla ya chuo, kabla ya lugha ya programu, tafuta kitu kimoja kinachoharibika mahali unapopajua, ujue nani anakigusa, nani analipa, na nani anapata habari wa mwisho. Watu wengi wanakwenda kusoma fani hii wakiwa na zana mkononi wanatafuta tatizo la kulibandikia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa na alama nzuri.

Pili, anza na bomba. Najua nimeshasema. Nasema tena kwa sababu ukifika huko utasahau, kama nilivyosahau mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pampuni. Kompyuta inakuzoesha kuziba sifuri. Ukiona sifuri, jiulize nani hakufika pale kupima, na kwa nini. Mimi siku ya kuondoka nilisimama kando ya pampu ya shuleni na simu mkononi nikasoma: latitudo kusini 2 na ushei, longitudo mashariki karibu 34. Nikaiingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora. Sijui kueleza jinsi nilivyojisikia kulitoa bomba letu baharini. Kama uko Dar, soma jinsi watu wa mradi wa Ramani Huria walivyofanya kuanzia 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakitembea na wakazi wa mitaa inayofurika, Tandale na kwingineko, wakichora mifereji kwa miguu. Viatu vilichafuka kwanza, ramani ikafuata.

Tatu, usidhani kuokoa ni kupunguza. Hili darasani liliniingia kwa jina la Jevons, Mwingereza aliyeandika mwaka 1865 kwamba injini zinazokula makaa kidogo zilifanya nchi yake ichome makaa mengi zaidi, kwa kuwa matumizi yalikuwa rahisi. Nilidhani ni habari ya Uingereza. Kijiji jirani walipoondoa pampu ya dizeli wakaweka ya sola, maji yakawa hayana gharama ya mafuta, na ndani ya msimu mmoja kila mtu ana bustani ya nyanya na tanuri la matofali. Nimefurahi nao, nyanya nimekula. Lakini kina cha kisima hakuna anayekipima. Hapo ndipo kihisi kingefaa! Vile vyangu vitano viko kwenye droo, betri zimevimba, na sijapata pa kuvipeleka. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na hata robo yake haikurejelezwa kwa njia inayojulikana. Gramu mia sita hivi ni zangu. Nazitaja kila ninapofundisha, maana mtu anayehubiri uendelevu akiwa na droo kama ile afadhali aifungue mwenyewe.

Kuhusu chuo: chochote kitakachokuruhusu kurudi nyumbani kufanya utafiti, na msimamizi anayejibu barua pepe. Kuhusu lugha: Python, na Kisukuma. Au Kinyakyusa kama uko huko. Nilifanya mikutano ile miwili kwa Kiswahili fasaha cha ofisini na akina mama wakanikodolea macho. Shangazi alipokigeuza kwa Kisukuma, wakauliza maswali mpaka jua likazama.

Jibu hili nilimtumia kijana jana usiku, refu hivihivi. Leo asubuhi ameandika: "Dada, nyuma ya hosteli yetu kuna bomba. Halijatoa maji tangu nianze mwaka wa kwanza. Sijui ni la nani."

Nimemjibu aende akaulize, na achukue daftari.