Jibu: Diploma au digrii ya uuguzi, na hofu ya mtihani wa leseni

Mdogo wangu, umeuliza kama ukimaliza kidato cha sita uende diploma au digrii, na kama mtihani wa leseni unatisha kama wanavyosema.

Diploma ni miaka 3, unaingia kazini mapema. Digrii pale MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) ni miaka 4, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kama ada inasumbua nyumbani, anza na diploma, utajiendeleza baadaye. Wapo wanaodharau njia hiyo, waache. Ila kabla ya kulipa hata shilingi hakikisha chuo kimesajiliwa: diploma uliza NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi), digrii uliza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).

Mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga hauangushi wavivu tu. Hata waliokariri madesa usiku kucha wanakwama, maana unapewa hali ya mgonjwa uamue. Mfano, mama amejifungua sasa hivi, damu inamwagika, mfuko wa uzazi umelegea. Unaanza na nini? Ukikimbilia kujaza faili umeshapotea: unaita msaada huku mkono wako unakanda mfuko wa uzazi. Hilo utalijulia wodini, kwa hiyo usitoroke zamu za mazoezi, hasa za usiku.