Wifi yako ulimfukuza mwenyewe

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema miaka mitatu sasa unamuuguza mama mkwe mwenye demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, usiku anaamka mara nne anataka "kwenda kwao", mchana anakuuliza kitu kilekile mpaka unamfokea halafu unajifungia chooni unalia. Mume hasaidii, wifi kazi yake kukosoa tu, na unauliza uondoke kwenye hiyo ndoa au uvumilie.

Pole sana. Kumfokea mara moja hakukufanyi mkwe mbaya, mtu asiyelala miezi na miezi lazima atafoka.

Ila hapo kwenye "hakuna anayenisaidia" sikuamini. Umeandika mwenyewe kwamba wifi alikuja akakaa siku mbili ukamrudisha kwao kwa sababu "hajui kumwogesha mama na anampa chakula saa mbovu". Kwani we ulizaliwa unajua kumwogesha mama? Ulijifunza kwa kukosea, na yeye angejifunza hivohivo. Kidole kimoja hakivunji chawa na we vidole vingine umevikunja mwenyewe, kisha unahesabu nani hakuja. Kwa hili niko na wifi yako.

Na mume wako pia namtetea kidogo. Unasema tangu mama yake alipomwita kwa jina la marehemu baba hajaingia tena kile chumba, we umeita uvivu, mi naona mtoto anayefiwa na mama ambaye bado anapumua, na hakuna aliyemwambia pole. Mwambie wewe. Halafu ukishamwambia pole mpe usiku mbili kwa wiki, maana huzuni haimwondolei mtu zamu, yule ni mama yake kabla hajawa mkweo.

Kuhusu mama mkwe kukuita mwizi wa pesa zake: huo ni ugonjwa, sio yeye. Anaficha, anasahau kama alificha, ubongo unatafuta maelezo na aliye karibu ni wewe. Usibishane, mwambie "tutafute wote" mkae mtafute. Hiyo ya kutaka kwao jioni nayo ni kawaida, wengi huchanganyikiwa zaidi jua likizama, washa taa mapema. Ila akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, usiseme ni uzee, mpeleke hospitali, mara nyingi inakuwa maambukizi ya mkojo au kitu kama hicho na yanatibika.

Sasa kilichonitisha mimi. Katikati ya barua umepitisha haraka sana kwamba dawa zako za presha "huwa zinaisha nakosa muda" na kliniki hujaenda tangu mwaka jana. Mwanangu! Dawa za mama hukosi hata siku moja, zako zinakosa muda? Ukianguka na kiharusi huyo mama atabaki na nani, na nyie wagonjwa wawili mtabaki na nani? Wiki hii nenda kliniki, na daktari mwambie ukweli wote, kwamba hulali, kwamba kuna asubuhi unatamani usiamke. Hilo la mwisho usilifiche hata kwa mumeo, na likikujia kwa nguvu usisubiri wiki, mwamshe mtu uende hospitali saa hiyohiyo.

Hauko peke yako, Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 hivi ya saa za kuuguza watu wenye demensia zinabebwa na wanawake, na hao ndugu wanaouguza kwa wastani wanatumia saa tano kila siku. Hao hao wametengeneza mafunzo ya wauguzaji wa nyumbani yanaitwa iSupport, na sehemu nzima mle inahusu kujitunza wewe mwenyewe.

Ndoa za siku hizi watu wanapima mapenzi kwa nani kachoka zaidi, mke anabeba kimya anangoja aonwe, mume naye anaona kimya anadhani mambo shwari, mpaka siku mizigo inamwagika ndo wanaulizana talaka. Kuondoka hujafika huko. Hujaomba bado, umenuna tu.

Kwa hiyo mpigie wifi leo. Mwambie aje Jumamosi asubuhi, muonyeshe dawa na choo, kisha toka, ukalale kwa dada yako mpaka Jumapili jioni. Na akimvalisha mama gauni kinyume, liache hivyohivyo.