Betri ikilala katikati ya Mwanga: jua utaratibu kabla watu hawajashika nyaya

Hapa Kigoma gari likikuzimikia barabarani hukai peke yako. Simama karibu na soko la Mwanga, fungua boneti, utaona. Dereva wa bajaji atasogea, kijana wa mkokoteni atauliza kulikoni, mama wa mawese atakuelekeza fundi anakaa wapi. Watu wetu wana moyo wa kusaidia na nimenufaika nao mara nyingi. Shida ni kwamba kwenye boneti moja iliyozungukwa na watu kumi, kila mmoja ana lake la kusema, na anayejua waya upi unatangulia huenda asiwepo. Betri kuisha moto ni jambo dogo. Kinachounguza kompyuta ya gari, na siku mbaya kinachorusha tindikali usoni mwa mtu, ni haraka ya wasaidizi wasio na kiongozi. Ndiyo maana nasisitiza mwenye gari ajue utaratibu mwenyewe, gari liwe lake au la kuazima.

Kabla ya kutafuta moto, tafuta nafasi. Barabara ya Lumumba mchana haina pa kujibanza: bajaji zinapita kulia na kushoto, bodaboda zinakatiza, mizigo inatoka sokoni. Weka gari nyutro, omba vijana wakusaidie kulisogeza kushoto nje ya lami, vuta handibreki. Gari la auto likigoma kutoka kwenye P kwa kukosa moto, kwenye Toyota nyingi kuna kitufe au kifuniko kidogo pembeni ya gia kilichoandikwa Shift Lock. Kanyaga breki, kibonyeze, gia itashuka. Weka pembetatu nyuma ya gari, mbali kiasi cha kumpa anayekuja nafasi ya kukuona na kupunguza mwendo. Hazadi ziwake wakati mnasukuma. Mkishatoka barabarani na kama bado ni mchana, zizime, maana zinanyonya moto uleule unaouhitaji. Pandisha vioo, simu na pochi viwe mwilini.

Sasa sikiliza gari linasema nini. Ukizungusha ufunguo ukasikia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, betri haina moto wa kutosha. Ukisikia mlio mmoja mzito, tak, huku taa zimebaki na mwanga wake, shaka iende kwenye stata, mota inayozungusha injini ili iwake. Kukiwa kimya kabisa, hata honi hailii, angalia temino kwanza, vile vibanio vya nyaya kwenye vichwa vya betri. Mara nyingi moja imelegea, au imeota unga mweupe au wa kijani unaozuia moto kupita. Ishike uizungushe, ikicheza, umepata jibu, kaza. Na kama injini inazunguka vizuri kwa nguvu lakini haiwaki, acha kuisumbua betri, tatizo liko kwenye mafuta au plagi. Uchunguzi huu ni wa dakika chache tu. Bila huo unaweza kuuziwa betri mpya kwa ajili ya nati iliyolegea.

Ukiwa na hakika ni betri, swali linalofuata ni nani wa kukupa moto, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote. Mdogo wangu alinipigia simu mchana mmoja akiwa Mwanga, Passo yake imegoma.

"Dada, usihangaike kuja. Kuna kaka hapa ana Fuso, ameshatoa nyaya, anasema sasa hivi tunaondoka."

Nikamwambia amshukuru sana, lakini asiunganishe chochote kabla ya kumuuliza lori lake ni volti ngapi. Nikasikia akiuliza, nikasikia na jibu: ishirini na nne.

Gari dogo ni volti 12. Malori na mabasi mengi yana betri mbili zilizofungwa kwa kufuatana, jumla volti 24. Ukiunganisha moto huo kwenye Passo, IST au Noah, unaweza kuunguza kompyuta, redio, alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka), na betri yenyewe inaweza kupasuka. Yule kaka hakuchukia hata kidogo. Alisimamisha Noah iliyokuwa inapita, akasimama barabarani kuelekeza bajaji zipite mbali mpaka kazi ikaisha. Na usihesabu betri kwa macho ukadhani umejua. Kuna Land Cruiser zenye betri mbili na bado ni volti 12, na kuna za dizeli zilizotoka Japani zikiwa 24. Uliza volti. Kama mwenye gari hajui, tafuta gari lingine. Betri ya pikipiki nayo watu hupenda kuijaribu kwa kuwa ni volti 12, lakini ni ndogo mno kuzungusha stata ya gari.

Magari yakae karibu bila kugusana. Zima yote mawili, zima taa, feni, redio, chomoa chaja ya simu. Kagua betri iliyokufa: ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, usiipe moto, iondoe. Anayevuta sigara asogee mbali kabisa, na asiwepo mtu wa kumulika kwa kiberiti, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Kisha tafuta alama. Chanya ina msalaba, hasi ina mstari, na kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Usiamini rangi za nyaya zilizomo kwenye gari, maana gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi linaweza kuwa na waya mweusi kwenye chanya.

Waya mwekundu unaanza kwenye chanya ya betri iliyokufa. Ncha yake ya pili inakwenda kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi unaanza kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho, nyeusi, usiifunge kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, kama boliti nene isiyo na rangi, mbali na betri na mbali na mkanda. Wengi huruka hapa kwa kuwa gari huwaka hata ukibana kwenye betri. Huwaka, ni kweli. Lakini cheche hutokea pale mzunguko unapokamilika, na hutaki itokee juu ya betri inayotoa gesi. Wakati wote huo ncha mbili za nyaya zisigusane. Mmoja ashike nyekundu, mwingine nyeusi, wengine warudi nyuma.

Washa gari zima, liache lingurume dakika tano. Halafu jaribu lako, kwa sekunde chache tu kila mara, pumzika dakika moja, rudia. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi ulikotoka: nyeusi kwenye chuma cha injini, nyeusi ya gari zima, nyekundu ya gari zima, nyekundu yako. Maji ya betri yakimpata mtu machoni, aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 bila kuacha, kisha apelekwe hospitali. Maweni haiko mbali na Mwanga, lakini kuosha kunatangulia safari.

Magari yenye betri kwenye buti, kama baadhi ya Prius na Crown, yana kituo cha chanya chini ya boneti, ndani ya boksi la fyuzi, chenye kifuniko chekundu. Kijue kabla ya siku ya tatizo.

Nyaya zenyewe nunua zako uziweke kwenye buti. Stata huvuta ampea zaidi ya 100, wakati plagi ya ukutani nyumbani ni ya ampea 13, kwa hiyo ule waya wa nyumba ambao mtu atakuletea kutoka dukani utayeyuka mkononi mwake. Na dukani usidanganyike na unene wa plastiki. Angalia kwenye kibanio shaba ikoje. Nyingi zina nyuzi chache zilizofichwa ndani ya ganda nene. Kuna pia chaja ndogo za kubusti zinazofanana na pawabenki, na kwa anayesafiri usiku njia ya Kasulu au Uvinza ni msaada mkubwa, mradi uichaji mara kwa mara na usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani.

Kusukuma ni jambo ambalo mji wetu unalishawishi, kwa sababu tuna mteremko. Kutoka Mwanga kushuka hadi stesheni, gari la manyuali unaweza kuliamsha bila kumwita mtu: swichi wazi, klachi chini, gia ya pili, likishika kasi achia klachi. Inafanya kazi, lakini nawasihi msilifanye hili kwenye Lumumba yenye watu. Injini ikiwa imezima, breki huwa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu, kwa kuwa nguvu inayozisaidia hutoka kwenye injini. Usukani nao unakuwa mzito, na ukiondoa ufunguo unajifunga kabisa. Chini kule kuna wasafiri wa treni, bodaboda, watoto wa shule. Tumia barabara tambarare isiyo na watu, wasukume vijana. Gari la auto halisukumwi likawaka. Gia yake haishiki mpaka injini izungushe pampu ya ndani. Utawachosha vijana bure.

Likishawaka usilizime. Liendeshe angalau nusu saa, bila AC, na elekea kwa fundi wa umeme wa magari badala ya kurudi nyumbani. Nusu saa haijazi betri iliyokwisha, inakupa moto wa kufika tu. Kwa fundi, kataa kwa heshima kitu kimoja. Wapo wanaochomoa temino huku injini inanguruma, wakisema gari likiendelea kuwaka basi alteneta ni nzima. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta lilivumilika. Kwenye magari tunayoendesha leo, kuchomoa kule kunaweza kurusha volti ghafla na kuua kifaa ambacho bei yake ni mara nyingi ya betri. Mita ndogo inatosha. Injini ikiwaka, isome kati ya volti 13.8 na 14.5, chini ya hapo, alteneta au mkanda wake una shida na betri mpya itakufa vilevile. Injini ikiwa imezima na gari limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma 12.6 hivi, na ikisoma 12 ujue imebaki na moto kidogo sana. Fundi asiye na mita si wa kumpelekea tatizo la umeme.

Nadhani tunaua betri nyingi kwa namna tunavyotumia magari hapa. Safari zetu ni fupi: nyumbani Katubuka, kazini mjini, sokoni, nyumbani. Kila mara stata inachota moto mwingi na alteneta haipati muda wa kuurudisha. Nenda Kibirizi alfajiri uone magari yanayosubiri dagaa, taa zinawaka, redio inaimba, injini imezima. Ongeza joto la huku ziwani, ambalo hukausha maji ya betri na kula sahani zake za ndani. Betri inayodumu miaka mingi kwenye nchi za baridi, huku ikifika ya tatu imejitahidi. Kwa hiyo mara moja kwa wiki lipe gari safari ndefu, hata hadi Kidahwe na kurudi. Betri yenye vifuniko iongeze maji yaliyosafishwa kwa ajili yake (distilled water), si tindikali, na kamwe si ya bomba wala ya kisima. Temino zioshe kwa maji ya moto, uzipitishe msasa, hasi ikifunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti.

Aliyekusaidia barabarani mlipe au mshukuru kwa kadiri yako, lakini akiwa ni fundi elewaneni bei kabla boneti haijafunguliwa. Ukifika kununua betri mpya, tazama tarehe iliyogongwa juu yake, maana iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa imeanza kufa. Angalia pia herufi L au R kwenye namba yake, inayoonyesha chanya iko upande gani. Ukibeba isiyo yako waya wa gari hautafika, na fundi ataanza kuuvuta. Ile ya zamani mwachie muuzaji wa betri au mnunuzi wa vyuma chakavu, usiitupe nyuma ya nyumba. Ina risasi na tindikali, na watoto huchezea mahali pale.